Mbona Mshairi Hakusema Tu?

(Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha nne na walimu wao wa fasihi, Mombasa)

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokuja shule Jumamosi ilhali wenzenu wako Mama Ngina wanakula mihogo: ahsanteni. Nimeambiwa nina saa moja, na kwamba nikimaliza kuna chai na mahamri. Basi najua sikio moja liko hapa na la pili liko jikoni. Si neno. Hilo moja linanitosha.

Nimefundisha fasihi zaidi ya miaka 30. Mwaka wangu wa tatu kazini nilinunua karatasi ya manila, nikaandika kwa wino mwekundu majina yote ya mbinu za lugha niliyoyajua: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kinaya, tasfida, chuku, sadfa, taharuki. Yalitimia 36. Nikaibandika ukutani, na wanafunzi wangu wakawa wanaisoma asubuhi na jioni kama wasomavyo kasida. Mkaguzi alikuja akanisifu. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Halafu kijana mmoja wa viti vya nyuma akanyosha mkono. Hakuwa na kawaida ya kunyosha. Akasema, "Mwalimu, haya majina nimeyashika. Lakini mbona mshairi hakusema tu?"

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia akae. Nilikuwa kijana bado, na mwalimu asiye na jibu humwambia mtu akae. Leo sikuleta karatasi ya manila. Nimeleta swali la yule kijana.

Nianze na neno lililo karibu nanyi. Mnapojifungia kukariri orodha za mbinu, na orodha yenyewe ina takriri ndani yake, mnajua kwamba "kukariri" na "takriri" ni ndugu wa tumbo moja? Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kurudia. Kwa hivyo kila mwanafunzi anayekariri anaifanya takriri kwa kinywa chake huku akidhani ni jambo la vitabuni. Hali kadhalika sitiari. Asili yake ni kuazima. Ukisema "Juma ni simba", umekwenda kwa simba ukaazima ukali wake, ukamvika Juma. Na kitu cha kuazima hakiwi chako chote: umechukua ukali, mkia umeuacha. Msikilizaji ndiye anayejua kipi kimechukuliwa na kipi kimeachwa, na kazi hiyo ndogo ya kuchagua ndiyo inayompa raha. Na "mubalagha", ambayo wengi wetu huku twaiita chuku, inatoka shina moja na "baleghe". Msicheke. Shina hilo ni la kufika. Anayebaleghe amefika umri. Anayepiga mubalagha amefika, kisha akapitiliza. Bibi zetu hawakuhitaji Kiarabu hapo, walisema tu "huyo anatia chumvi", na chumvi mnajua hali yake: ikikosekana chakula hakiliki, ikizidi vilevile hakiliki.

Nasema haya kwa sababu majina yetu ya fasihi yamekuja kwa njia mbalimbali. Mengine yaliletwa na wanazuoni wa balagha, yaani elimu ya ufasaha, pamoja na dini na biashara. Mengine waliyatoa wenyewe washairi wa pwani, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi kwa sababu yananukia kazi. Kipande, ukwapi, utao, mwandamo, ukingo: yote ni majina ya sehemu za mshororo. Sikilizeni: mwandamo ni kinachoandama kilichotangulia, ukingo ni pale mwisho, ukipita unaanguka. Kibwagizo kinatokana na kubwaga. Mshairi amebeba mzigo mishororo mitatu, kwenye wa nne anautua puu! Hata "bahari", jina la aina za mashairi, wataalamu wa arudhi, elimu ya mizani ya mashairi, wa Kiarabu walilitumia hivyo tangu zama za Khalil bin Ahmad huko Basra, karne ya 8. Na kundi la tatu la majina lilikuja na vitabu vya shule, mengi yakiwa yametafsiriwa. Ndiyo maana "ritifaa" kwetu ni kile kialama cha juu katika "ng'ombe", na ni pia mbinu ya kumwita asiyekuwepo kana kwamba yupo, kama yule anayelia kaburini, "Mama, umeniachia nani?" Kialama na kilio vina uhusiano gani? Hakuna. Waingereza wana neno moja kwa mambo hayo mawili, nasi tukayabeba yote pamoja. Majina mengine hubadilika ukivuka mpaka tu: kule kulainisha neno kali huku twakuandika tasfida, ukifika upande wa pili wa Lungalunga utakukuta ni tafsida. Asije mtu akagombana na binamu yake wa Tanga kwa ajili hiyo.

Sasa swali la kijana wangu. Nitalijibu kwanza kwa kitu kidogo kabisa.

Mtu ameanguka. Sentensi imekwisha, habari imefika. Lakini sikiliza: ameanguka chubwi! Amerowa. Ameanguka tifu! Nguo zimejaa mchanga. Ameanguka tapwi! Huyo yuko kwenye tope, na akirudi nyumbani mamake atamngoja mlangoni. Ameanguka sakafuni pa! Hapo tunakimbia, pengine kavunjika. Sijataja maji, wala mchanga, wala matope, na nyote mmeona. Hiyo ndiyo tanakali ya sauti, na Kiswahili kimejaaliwa utajiri wake kiasi kwamba tumezoea tusiuone. Usiku ni giza totoro, nguo ni nyeupe pe, mtoto kalala fofofo, kamba imefungwa ndi ndi ndi. Jaribuni kuondoa hayo maneno madogo kwenye mazungumzo ya mama zenu kwa siku moja. Nyumba itakuwa baridi. Aliyeandika katika mtihani kwamba tanakali "hupamba lugha" hakukosea kabisa, ila pambo ni kitu unachoweza kukivua ukabaki na mtu yuleyule. Vua "chubwi" uone kama utabaki na maji.

Na vitendawili? Mlivitega mkiwa na miaka mitano. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Popoo mbili zavuka mto. Macho. Hizo ni sitiari tupu, na zimefichwa upande mmoja ili wewe uutafute. Mtoto asiyejua kuandika jina lake anaweza kuazima nyumba akampa yai. Kisha anaingia sekondari, anaambiwa sitiari ni jambo gumu, na anaamini.

Jana usiku, nikijua nakuja hapa, nilitunga ubeti mmoja. Sikuutunga uwe mzuri sana, nimeutunga tuufungue kama fundi afunguavyo redio.

Mvuvi kenda safari, na nyavu zake begani,
Hakuuliza habari, za upepo wa jioni,
Nyumbani moto tayari, na chungu kiko jikoni,
Haiulizi bahari, una watoto nyumbani?

Hesabuni mizani, yaani silabi, kwa vidole. Mshororo una 16, nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni "ri", cha mwisho ni "ni". Mishororo minne, kwa hivyo ni tarbia. Hayo mnayajua, na mengi yake yaliwekwa wazi tangu 1954 Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kuna mtu ameona "kenda"? Kwa kawaida ungesema "kaenda", lakini hapo mizani ingekuwa 9, nami nikafupisha. Inkisari. Kama ningepungukiwa ningerefusha, "afya" nikaifanya "afiya", nayo ikaitwa mazda. Huo ndio uhuru wa mshairi. Kumbukeni tu kwamba uhuru huo una bei: kila unapofupisha, msomaji husikia kishindo kidogo, na mshairi hodari hukiweka kishindo pale anapotaka kisikike. Mimi hapa sikukitaka, nilishindwa tu.

Haya tuache hesabu. Kazi ya ubeti huu iko wapi?

Iko kati ya "hakuuliza" na "haiulizi". Mvuvi hakuuliza upepo. Bahari nayo haiulizi watoto. Kitenzi ni kimoja, kimerudi kikiwa kimegeuka, na kiliporudi kimekuwa kama hukumu. Hiyo ni takriri, lakini ukiishia kuandika "mshairi ametumia takriri" umeniambia fundi alikuwa na nyundo. Nataka kujua aligonga nini. Halafu bahari haina kinywa, haiwezi kuuliza wala kunyamaza, ila nimeipa tabia ya mtu asiyejali. Tashihisi. Neno hilo limetoka kwenye "shakhsi", mtu. Na chungu? Chungu kiko jikoni, moto unawaka, samaki bado wanaogelea. Hapo kuna kinaya, mambo kwenda kinyume na yanavyotarajiwa, na kuna taharuki pia, kwa sababu msikilizaji ameshaanza kuogopa wakati mke wa mvuvi hajaogopa bado.

Sasa nijibu, mbona sikusema tu? Ningeweza. "Mvuvi alikwenda baharini bila kuangalia hali ya hewa na huenda akafa, na familia yake inamtegemea." Mmesikia? Ni taarifa ya redio, na kuna mahali pake. Lakini taarifa imekupa hofu iliyokwisha pikwa. Ubeti umekuonyesha chungu kitupu, ukaondoka ukakuacha nacho.

Nikienda mbali zaidi ya ubeti wangu, niwakumbushe Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani. Mnakijua kisa. Mfalme wa Pate amemfunga gerezani. Mama yake kila siku anampelekea chakula kwa mkono wa mjakazi, Saada, na kila siku walinzi wanakula kizuri wanamwachia makapi. Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo: mwambie mama apike mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa, chuma cha kukatia chuma. Mama akapika vyakula vizuri, na pamoja navyo mkate wa wishwa. Walinzi wakala vizuri. Walipouona ule wa wishwa wakaudharau, wakasema mpelekeeni mwenyewe. Akauvunja, akatoa tupa. Kisha kukachezwa ngoma, matoazi na siwa vikilia, na ndani ya kelele hizo akakata minyororo.

Katika kisa hiki mbinu za fasihi zinafanya kazi ndani ya hadithi yenyewe, si juu yake tu. Wimbo ni fumbo. Mkate ni fumbo la pili, maana nje ni makapi na ndani ni chuma. Na kinaya kimekaa palepale: dharau ya walinzi ndiyo iliyomfungulia mfungwa. Kama walinzi wangekuwa na ukarimu kidogo wa kuonja kila kitu, Liyongo angekufa kifungoni. Nimesoma majibu mengi yanayosema Liyongo alikuwa na nguvu. Nguvu alikuwa nazo, lakini siku ile kilichomtoa ni uwezo wa kusema jambo likasikika tofauti na lilivyo.

Na mwisho wake mnaujua pia: mwanawe mwenyewe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anatoka, anapiga goti kisimani, anavuta upinde, anafia hapo akiwa amelenga. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji siku kadhaa kwa kudhani yu hai. Nataka mwandishi yeyote anayejifunza taswira aitazame picha hiyo kabla hajasoma ufafanuzi wowote wa taswira. Mtu aliyekufa anaushindisha mji mzima na kiu. Hakuna kivumishi hata kimoja kilichohitajika.

Jazanda, yaani kusema jambo kwa picha ya jambo jingine, mara nyingine si raha hata kidogo, ni kinga. Mji huu wetu unalijua hilo. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mombasa mwisho wa karne ya 18 mpaka karibu 1840, alitunga katika siku ambazo Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Sayyid Said wa Oman walikuwa wakivutana juu ya mji. Mashairi yake yalikwenda sokoni na barazani, yakabeba siasa chini ya maneno ya mapenzi, ya chombo na ya vita. Aliyekuwa upande wake alielewa, na aliyekuwa upande wa pili alielewa vilevile, ila hakuwa na neno la kumshitakia.

Na mwingine wa hapa hapa, Abdilatif Abdalla. Yeye alisema tu! Mwaka 1968 aliandika waraka, "Kenya: Twendapi?", bila jazanda kubwa yoyote, akiuliza serikali swali waziwazi. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani, bila daftari, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa 1973 kwa jina "Sauti ya Dhiki". Kwa hivyo ukiniuliza mbona mshairi hakusema tu, jibu moja ni kwamba wapo waliosema tu, na tunajua walilala wapi. Ila msinielewe vibaya, simaanishi fumbo ni la waoga. Waraka ule ulikuwa na kazi yake na mashairi yana yao, na mtu ni yuleyule mmoja.

Walimu wenzangu watanisuta nisipogusa mashairi huru. Euphrase Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, alipotoa "Kichomi" mwaka 1974 na kuacha vina na mizani, malumbano yaliwaka, na kuna wazee waliokufa hawajasamehe. Mimi nilianza upande wa wazee. Nimelainika. Nilichogundua ni kwamba shairi huru zuri halikuzikimbia mbinu, limezihamisha. Pale ambapo kina kingemshika msomaji sikio, linatumia kurudia kwa neno, au ukimya wa mstari uliokatwa ghafla, au picha moja inayokataa kutoka kichwani. Lililo baya nalo ni nathari iliyokatwakatwa kwa makasi. Lakini hata yenye vina mabaya yapo, tena mengi. Nimesoma ya sherehe za harusi yaliyolazimisha "bibi harusi" na "mchuzi wa kalisi", na hadi leo sijaelewa kalisi ni nini.

Katika hadithi nitapita haraka, maana naona mwalimu wa zamu anaangalia saa. Kisengere nyuma, au mbinu rejeshi, ni hadithi kurudi kinyumenyume. Jiulize imerudi lini. Mwandishi akirudi utotoni mwa mhusika ukurasa mmoja kabla hajaua, anataka umhurumie. Akirudi baada ya kuua, anataka ujute ulivyomhukumu. Tukio ni lilelile. Majazi, yaani jina linalolingana na tabia, ni mbinu ninayoiheshimu kwa wasiwasi: mhusika akiitwa Bwana Fisadi tangu ukurasa wa kwanza, hadithi imeshakwisha. Sadfa nayo hukubalika zaidi inapomtia mhusika matatani kuliko inapomtoa. Mjomba tajiri anayetokea ghafla kutoka Uarabuni kulipa karo amewaharibia wanafunzi wangu insha nyingi nzuri.

Mkiwa chumba cha mtihani, basi, taja jina la mbinu kwa neno moja. Mfano kwa mstari mmoja. Kisha toa kalamu karatasini, ifute mbinu ile kichwani mwako, usome sentensi bila yenyewe. Kilichopotea ndicho jibu. Andika hicho. Na ukiifuta usione tofauti yoyote, sema hivyo pia, kwa adabu; waandishi nao hutia chumvi pasipohitajika.

Yule kijana wa nyuma alimaliza shule, akapata kazi bandarini. Tulikutana miaka mingi baadaye kwenye matanga ya jirani. Hatukuzungumza fasihi. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, pole, mzee ametutangulia." Ametutangulia. Hakusema tu. Nikamtazama, nadhani hakujua kwa nini nilimtazama vile.

Ahaa, harufu ya iliki imefika mpaka hapa, basi nafunga. Ubeti wa pili nimeuleta haujakamilika. Utao wa mshororo wa tatu nimewaachia:

Jua lazama, si shwari, chungu kingali jikoni,
Mama asema: Subiri, wana wamo mkekani,
Usiku waja dhahiri, ………………………
Haiulizi bahari, una watoto nyumbani?

Mizani nane, kina "ni". Nitazikusanya karatasi baada ya chai.